Mochi Imekuwa Ugali: Vitamu vya Kijapani Vinapokugomea Jikoni

"Dada, mochi yangu imekuwa ugali." Lalamiko hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nianze kuwaonyesha jirani na marafiki namna ya kupika vitamu vya Kijapani, na mochi, kinyunga laini kinachovutika cha mchele wa kunata, ndiyo ya kwanza. La pili ni "jana ilikuwa laini, leo ni jiwe." La tatu ni la maharage yasiyoiva. Nimeyakusanya hapa kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea zaidi, kisha zile za nadra. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, maana ukibadili unga, maji na moto kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua kosa lilikuwa wapi.

Na usiulaumu mkono wako upesi. Wengi wanaoshindwa ni wapishi wazuri tu wa vitumbua, keki na maharage ya nazi, na ndiyo maana wanashindwa: wanaleta mazoea ya vyakula hivyo kwenye chakula chenye masharti mengine.

## Mochi inakatika, haivutiki

Anza na unga. Karibu kila mara mkosaji ni huyo. Unga wa mchele wa madukani kwetu, ule wa vitumbua na mkate wa kumimina, umesagwa kutokana na mchele wa kawaida. Uwe wa Kyela au pishori ya Mwea, mchele huo una wanga wa aina mbili, na mmojawapo, unaoitwa amilosi, ndio unaofanya wali uchambuke punje kwa punje. Sifa hiyo tunaitaka kwenye pilau. Kwenye mochi ni msiba. Mochi hutaka mchele wa kunata, ambao karibu hauna amilosi kabisa. Wanga wake ni amilopektini, na huo ndio unaovutika. Mara yangu ya kwanza nilikanda nusu kilo ya unga wa vitumbua mpaka viganja vikauma, nikidhani tatizo ni uvivu wangu. Hata ningekanda mpaka alfajiri isingekuwa mochi.

Kama unga umeshanunua, ujaribu hivi: weka kijiko kimoja cha chakula cha unga na kijiko kimoja na nusu cha maji kwenye kikaangio kidogo, koroga juu ya moto mdogo dakika mbili. Unga wa kunata unageuka kuwa kitu kama gundi inayong'aa, ukiinua mwiko unafuata. Wa kawaida unabaki mweupe uliofifia na unakatika.

Kama bado hujanunua, soma mfuko vizuri. Unga wa Kijapani wa kunata huja kwa majina mawili: shiratamako, wenye chembe za kukwaruza kama chumvi ya mawe kwa sababu husagwa pamoja na maji kisha kukaushwa, na mochiko, ambao ni laini kama poda. Joshinko ni wa mchele wa kawaida, kwa hiyo usikudanganye kwa sababu tu una maandishi ya Kijapani. Kwenye maduka ya bidhaa za Asia utaona zaidi mifuko ya Thailand. Ile maarufu yenye picha ya ndovu mwenye vichwa vitatu, ya maandishi ya kijani ni unga wa kunata na ya maandishi mekundu ni unga wa kawaida. Ukikutana na mchele wenyewe badala ya unga, utazame kwenye mwanga: punje mbichi za mchele wa kunata ni nyeupe kama chokaa, hazipitishi nuru.

Unga ukiwa ndio wenyewe na mochi bado inakatika, basi haijaiva. Kwa gramu 100 za shiratamako mimi hutumia sukari gramu 50 hadi 80 na maji mililita 130 hadi 150. Koroga maji na unga kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke sukari. Kwenye maikrowevu ya wati 600, weka dakika moja, toa, koroga kwa nguvu, rudisha dakika moja, koroga tena, kisha sekunde 30 kwa 30. Usiye na maikrowevu, tia mchanganyiko kwenye bakuli, funika, upike kwa mvuke kama dakika 20, ukikoroga katikati. Lakini dakika zangu si dakika za jiko lako. Kinachokuambia imeiva ni rangi: mwanzo inafanana na maziwa mazito, mwisho inang'aa na inapitisha nuru kidogo. Ukiona hata mstari mmoja wa weupe, rudisha.

Sababu ya nadra ni maji kupungua, hasa kama kipimo chako ni cha mfuko mmoja na unga ni wa mfuko mwingine. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja, koroga, pasha tena.

Wenye kinu nyumbani wana njia ya mkato ambayo kwa kweli ndiyo njia ya asili. Mochi ya sherehe Japani haitokani na unga. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, hupikwa kwa mvuke, kisha hutwangwa kwenye kinu kikubwa kiitwacho usu. Watoto wa huko wakiutazama mwezi mpevu huambiwa kuna sungura ndani yake, naye anatwanga mochi kwa mchi. Kinu chako kikiwa na harufu ya kitunguu saumu, kisugue kwanza kwa ndimu na chumvi, la sivyo sungura atakucheka.

## Mochi inang'ang'ania vidole, sinia na kila kitu

Hili ni tatizo la aliyefaulu. Mara nyingi umebana tu wanga wa kunyunyizia. Wajapani hutumia katakuriko, ambao ni wanga wa viazi. Konflawa inafanya kazi ileile. Ikaange kavu dakika chache bila kuibadili rangi ili ladha ya ubichi itoke, kisha mwaga kwenye sinia kama unene wa sarafu, tia mochi juu, nyunyiza tena. Wanga unaozidi utaupangusa kwa brashi mwishoni. Usitumie unga mbichi wa ngano: ladha yake inabaki kinywani, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu.

Kama wanga upo na bado inanata, labda umeigusa ikiwa na moto sana. Isubiri ipoe kiasi cha kuvumilika, isiwe baridi kabisa maana ikipoa haitafunga kingo. Kama hata ikipoa inamwagika badala ya kukaa, maji yalizidi. Irudishe kwenye moto, koroga mpaka ijikusanye.

Wanaofunga daifuku, yaani mochi yenye anko (rojo tamu ya maharage mekundu) ndani, hulalamika kwamba anko inachungulia. Viringisha anko kwanza kuwa vidonge vya gramu 25 hivi, uviweke kwenye friza nusu saa, ndipo uvae mochi juu yake. Ukibana kingo chini, usiache wanga kwenye kingo, maana wanga ndio unaozuia kushikana. Ya stroberi ikitoa maji siku ya pili, haina dawa. Ile huliwa siku hiyohiyo.

Simama hapa kidogo. Mochi iliyotoka motoni inashika ngozi na haidondoki kama maji, kwa hiyo inaunguza kwa muda mrefu. Ikikumwagikia, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Malengelenge yanayozidi kiganja, au jeraha la usoni au la mtoto, yanakwenda hospitali.

Kuna hatari nyingine ambayo Wajapani wenyewe wanaiheshimu. Kila mwaka mpya wapo wazee wanaokufa kwa mochi kukwama kooni, na Idara ya Zimamoto ya Tokyo hutoa tahadhari msimu huo. Kata vipande vidogo, kula na kinywaji pembeni, na usiwape watoto wadogo wala bibi au babu mwenye shida ya kumeza. Mtu mzima akikwamwa na hawezi kukohoa wala kusema, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Isipotoka, simama nyuma yake umkumbatie, ubane tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano, urudie kwa zamu. Mwingine apige simu 112 wakati huohuo, na asisubiri kuona kama itatoka.

## Jana laini, leo jiwe

Friji ndiyo iliyofanya hivyo. Wanga uliopikwa ukikaa kwenye baridi ya friji hujipanga upya na kukaza, kama wali wa jana au mkate unavyokauka. Ajabu ni kwamba baridi ya friji inaharakisha jambo hilo kuliko joto la kawaida, na hata kuliko friza. Mochi ya leo iliwe leo, ikae mezani imefunikwa. Inayobaki ifunge moja moja kwenye nailoni, uitie friza, uitoe saa moja au mbili kabla ya kuila. Ila Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, yenye krimu au matunda ndani usiiache mezani zaidi ya saa mbili.

Iliyokwisha kukaza bado ina maisha. Inyunyizie maji, ipashe sekunde 15 hadi 20 kwenye maikrowevu. Isiyo na anko ndani unaweza kuichoma kwenye jiko la mkaa ifure, kisha uivingirishe kwenye kinako, unga wa soya iliyokaangwa, uliochanganywa na sukari na chumvi kidogo. Kinako unaitengeneza mwenyewe: kaanga soya kavu mpaka inukie kama karanga, menya, saga.

Kama inakaza hata kabla ya jioni, angalia sukari. Mpishi aliyepunguza sukari kwa ajili ya afya, na wapo wengi, ameondoa kitu kinachoshika maji ndani ya wanga. Kwenye mochi ya aina ya gyuhi sukari hufikia uzito wa unga au kuuzidi, na ndiyo maana inakaa laini siku kadhaa.

## Azuki haziivi

Anko ni maharage mekundu madogo, azuki, yaliyopikwa na sukari mpaka yakawa rojo nzito. Mwenye azuki zisizoiva nina swali moja kwake: sukari uliitia lini? Ikiingia kabla punje hazijalainika kabisa, zinakaza na hazitalainika tena kama unavyotaka. Bana punje kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, ambacho hakina nguvu. Ikisagika bila kiini kigumu, tia sukari, nusu kwanza na nusu baada ya dakika kumi. Kwa azuki kavu gramu 200, sukari gramu 160 hadi 200. Chumvi, ncha ya kijiko, mwishoni.

Kama sukari haikuhusika, tazama umri wa maharage. Azuki zilizosafiri baharini kisha zikakaa dukani miaka miwili zitakusumbua hata uzichemshe saa tatu. Ziloweke usiku kucha, ingawa azuki mpya hazihitaji kulowekwa. Baada ya hapo shuku maji: maji ya kisima yenye chumvichumvi hukaza ganda, jambo ambalo kila mpika maharage wa pwani analijua. Tumia ya mvua au ya kununua. Najua mkono wako unakwenda kwenye magadi. Kwenye maharage ya chakula sawa, ila kwenye anko yanaacha ladha ya sabuni na kuyapiga punje kuwa uji. Ukishindwa kabisa, ncha ya kisu tu.

Ukikosa azuki, tumia kunde nyekundu au choroko, ambazo ni ndugu zake wa karibu kuliko maharage yetu makubwa. Wajapani nao wanazitumia kunde. Wali wao mwekundu wa sherehe, sekihan, huko Tokyo hupikwa mara nyingi kwa kunde, kwa sababu azuki hupasuka tumbo zikiiva na samurai wa zamani waliliona jambo hilo ni nuksi kwa mtu ambaye huenda siku moja akaamriwa kujipasua lake. Ukilazimika kutumia maharage mekundu makubwa, loweka, mwaga maji, kisha yachemke kwelikweli dakika kumi na zaidi kabla ya kupunguza moto. Yakiwa nusu mabichi yana sumu inayotapisha.

Anaetumia sufuria ya presha asiijaze zaidi ya nusu. Azuki zinatoa povu, na ganda moja likiziba tundu la mvuke una bomu mezani. Ukiona mvuke hautoki ilhali moto unawaka, zima, ondoka, iache ipoe yenyewe, na usilazimishe mfuniko wala kuupiga na mwiko. Ikitokea tena baada ya kusafisha tundu na kubadili rabari, usiitumie mpaka fundi aione.

## Anko chungu, ya majimaji, au kavu kama udongo

Uchungu wa kukausha ulimi, kama chai iliyosahauliwa, unatokana na kutomwaga maji ya kwanza. Azuki zikichemka dakika tano hivi na maji yakawa mekundu, yamwage yote, anza na mapya. Wajapani wanaita shibukiri, kukata ukakasi. Uchungu wenye harufu ya moshi ni mwingine kabisa: umeunguza chini. Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua. Ukikwangua, umepika yote upya kwa ladha ya mkaa.

Anko ya majimaji inataka subira tu. Pika bila mfuniko, koroga, mpaka mwiko ukipita chini unaacha njia inayobaki wazi kama sekunde mbili. Acha hapo, hata kama inaonekana laini bado, maana ikipoa inakaza. Wengi wanangoja ikaze motoni, wanalala, asubuhi wana udongo wa kufinyangia. Dawa yake ni maji ya moto kijiko kwa kijiko, moto mdogo.

Friji inaishika siku tatu au nne, friza mwezi. Ikiwa na viputo, utelezi au harufu ya chachu, itupe. Kuichemsha upya hakusaidii, kwani kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauzivunji.

## Dango zimepasuka au zimeyeyukia kwenye maji

Dango ni vidonge vya unga huohuo wa mochi, vinavyochemshwa na kuchomekwa kwenye vijiti kama mishikaki. Wajapani wana kipimo kizuri cha kinyunga chake: kiwe laini kama ndewe ya sikio. Shika sikio lako, kisha shika kinyunga. Kikiwa na nyufa ukikibana, maji hayatoshi, na hapo ndipo zinapopasuka. Zikiyeyuka, maji yalizidi au ulizitia kabla maji hayajachemka. Zikielea juu, zihesabie dakika moja au mbili zaidi, kisha zitie kwenye maji ya barafu, la sivyo zitagandamana. Huku joshinko inakubalika: nusu kwa nusu na shiratamako inazipa dango meno kidogo.

## Dorayaki zina madoa, zimeungua, au zinanuka magadi

Dorayaki ni vikeki viwili vya kikaangio vilivyobana anko katikati. Sura yake ni kahawia moja, laini kama ngozi. Ikitoka na madoa na miduara kama ramani, mafuta yamezidi. Weka tone moja, kisha lifute kwa kitambaa au karatasi mpaka uone kikaangio kama kikavu. Mtu aliyekulia kwenye chapati anapata tabu sana hapa. Mpaka leo mimi hujikuta nimeshika chupa ya mafuta bila kujua.

Zinaungua nje na ndani mbichi kwa sababu mchanganyiko una asali, na asali hubadilika rangi upesi. Moto mdogo, tena kikipata moto kikaangio kiweke juu ya kitambaa chenye maji kidogo kitoe mvuke, ndipo umimine. Viputo vikitokea juu na kuanza kupasuka, geuza. Upande wa pili hauzidi nusu dakika.

Vidoa vya kahawia vyenye ladha ya sabuni ni magadi soda yasiyoyeyuka. Yakoroge na kijiko cha maji kwanza. Kwa mayai 2, sukari gramu 80, asali kijiko kimoja na unga wa ngano gramu 120, nusu kijiko cha chai cha magadi kinatosha. Acha mchanganyiko upumzike nusu saa. Usipofanya hivyo zinatoka ngumu na zenye matundu makubwa. Zikikauka baada ya kupoa, hukuzifunika: kila moja ikitoka, iende chini ya kitambaa chenye unyevu.

Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe, hata kipande. Moto wa kikaangio hauondoi hatari ya asali kwa watoto wachanga. Ni vivyo hivyo kwa kasutera, keki ya mayai niliyoiweka mwishoni, ikiwa na asali.

## Purini ina matundu kama sifongo, au haijaganda

Purini ni binamu wa pudini yetu ya mayai, kwa hiyo wengi wanaipika kwa kujiamini, na ndiyo maana moto unazidi. Yai na maziwa huganda kwenye nyuzi 80 hivi. Maji yakichemka kwa vurugu chini yake, maji ndani ya yai nayo yanageuka mvuke na kuacha vitundu. Punguza moto mpaka maji yatikisike tu, weka kitambaa chini ya vikombe, funga mfuniko wa sufuria kwa kitambaa ili matone yasidondokee ndani. Baada ya dakika kumi hivi tikisa kikombe: katikati itetemeke kama jeli, isiwe na mawimbi. Zima, acha imalizikie kwenye joto hilo dakika kumi nyingine. Vitundu vya juu tu, visivyo ndani, ni povu la kukoroga. Chuja mara mbili kabla ya kumimina.

Isiyoganda kabisa mara nyingi imezidiwa maziwa. Mayai 2 kwa mililita 250 ni kipimo salama. Ikitetemeka kama maji baada ya nusu saa ya mvuke, usiile hivyo kwa kusema itaganda kwenye friji. Yai halijaiva.

Karameli ikigeuka mchanga mweupe, uliikoroga. Sukari na maji vikishawekwa motoni, zungusha sufuria tu, usitie kijiko. Matone machache ya ndimu yanasaidia. Ikiwa chungu, ulichelewa kuzima, kwani rangi huendelea kukolea hata nje ya moto. Unapotia maji ya moto kuizima inaruka kama mafuta: simama mbali, watoto watoke jikoni, mkono uwe na kitambaa kikavu. Karameli ni moto kuliko maji yanayochemka kwa mbali, na inashika.

## Kanten haigandi

Kanten inatokana na mwani mwekundu, na ndiyo inayogandisha yokan, yaani anko iliyogandishwa ya kukatwa vipande, na jeli za Kijapani. Isipoganda, karibu hakika haikuchemka. Haiyeyuki kwenye maji ya uvuguvugu kama jelatini. Iweke kwenye maji baridi, koroga, chemsha, kisha iendelee kuchemka dakika mbili ndipo uongeze sukari. Gramu 4 za poda zinagandisha nusu lita. Ya kijiti, kijiti kimoja cha gramu 8 ni sawa na poda hiyo ya gramu 4.

Kosa la pili ni ndimu au pasheni iliyochemshwa pamoja nayo. Asidi na moto vinaivunja. Tia maji ya tunda baada ya kuzima. Uzuri wake ni kwamba iliyokataa kuganda inaweza kuchemshwa tena na kupewa poda zaidi, ilimradi haina asidi.

Anko ikizama chini ya yokan ya maji, uliimimina ikiwa na moto mno. Ikoroge juu ya beseni la maji mpaka ianze kuwa nzito, ndipo umimine. Tabaka mbili zikiachana ulipokata, la kwanza lilikuwa limekauka kabisa. Mimina la pili wakati uso wa la kwanza umeshika tu.

Anayetumia jelatini badala ya kanten asishangae jeli ikirudi kuwa juisi mezani kwenye joto la pwani, wala nanasi na papai yasiyopikwa yakikataa kuganda. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyokata jelatini, lakini kanten hayaiwezi. Na swali ninaloulizwa kila mara: mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar je? Ule ni wa aina nyingine, unatoa karajinani. Inagandisha nayo, ila vipimo vya kanten havifanyi kazi kwake.

## Kasutera imezama katikati

Keki hii ililetwa Nagasaki na Wareno katika karne ya 16, karne ileile waliyoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Haina siagi wala mafuta, inasimama kwa povu la mayai peke yake. Ikizama, uliifungua oveni mapema au haikuiva. Choma kijiti katikati, kitoke kikavu. Matundu makubwa ni mapovu yasiyovunjwa: baada ya kumimina, pitisha kijiti kwenye mchanganyiko mara kadhaa huku na huku. Ikikauka, hukuifunga. Ikitoka tu, iangushe mara moja kutoka kimo cha shubiri mbili ili mvuke utoke, igeuze kichwa chini, ifunge kwenye nailoni ikiwa bado na joto, ilale mpaka kesho.

Ukishafanya yote hayo na keki bado inaungua upande mmoja na kuzama upande wa pili, nunua kipimajoto cha oveni, ukiweke ndani. Oveni nyingi za nyumbani husema nyuzi 160 na kutoa nyingine kabisa. Tofauti isiyobadilika unaweza kuizoea kwa kuongeza au kupunguza. Ikipanda na kushuka ovyo, ni kifaa cha kudhibiti joto kilichokufa, na hiyo ni kazi ya fundi. Vivyo hivyo maikrowevu inayotoa cheche bila kuwa na chuma ndani: usiifungue nyuma mwenyewe hata ukiwa umechomoa waya, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa kuua. Oveni inayokupa shoti ukigusa mlango, zima kwenye swichi kuu. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje na umpigie fundi ukiwa huko.